Kifuniko cha Sufuria

Kifuniko cha sufuria nilikishika kwa leso, kisije kikagonga ukingo kikamwamsha mamangu. Saa saba usiku, nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, taa ya jikoni sijaiwasha. Pilau iliyobaki ilikuwa imeshaganda mafuta. Niliila kwa mkono, nimesimama, tonge likiingia kabla lililotangulia halijashuka. Ilipokwisha nikaingia kwenye ukoko, na ukoko sikuthubutu kuukwangua kwa kijiko kwa sababu ya kelele, nikaubandua kwa kucha. Baada ya hapo mkate wa sinia. Baada ya hapo maziwa ya unga, nayabugia makavu kutoka mkebeni, yananipalia, nakohoa ndani ya leso ile ile. Kisha nikakirudisha kifuniko polepole mahali pake.

Sikuwa na njaa. Tulikuwa tumekula saa mbili, nimeshiba, nimeshukuru. Naliweka hili mbele kwa sababu kwa miaka kumi na moja kila niliyejaribu kumwambia alidhani nazungumzia njaa, au ulafi. Mlafi huona raha anapokula. Mimi nilikuwa sionji chochote. Ulimi ulikuwa kama wa mtu mwingine, na mikono vilevile, nami nikiiambia basi, basi, nayo haisikii. Nilichokipata ni kimoja tu, nacho hakikuwa utamu wa chakula: kwa dakika kama ishirini kichwa kilinyamaza.

Halafu fedheha. Nakaa sakafuni, tumbo limevimba kama ngoma, siwezi kuinama, nalia bila sauti, najiapiza kwamba kesho sitii kitu kinywani hadi magharibi. Na kesho yake natimiza, hadi magharibi kweli. Usiku narudi jikoni.

Asubuhi mamangu akikuta sufuria tupu alisema mbele ya wote, "Paka ameingia tena." Nami nikidhani ameamini.

Kila mtu nyumbani alikuwa na jina lake la jambo hili. Dada yangu mkubwa aliita uroho. Mume niliyekuwa naye aliita tabia. Khala yangu alisema kuna kitu kimenikaa, nikasomewa, nikanywa kombe siku saba, na sisemi kwamba kisomo hakikunifaa. Siku zile saba sikuingia jikoni hata mara moja, kwa sababu kila usiku kulikuwa na mtu ameketi nami mpaka nalala. Hilo nilikuja kulifahamu baadaye sana. Hospitali niliyokwenda kwanza nilipandishwa kwenye mizani, nikaandikiwa karatasi: asubuhi yai, mchana mboga, usiku supu, wali na chapati marufuku. Hakuna aliyeniuliza nakula saa ngapi, na nani, wala kwa nini. Nilipungua kilo 9 kwa miezi miwili. Kwenye arusi wanawake walinishika kiuno wakiniuliza siri. Mwezi wa tatu niligombana na mtu kazini, na kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa nimeongezeka kilo 14. Siku hizi najua kwamba karatasi ile ilikuwa inamwaga mafuta ya taa motoni: mwili unaonyimwa mchana kutwa hudai usiku, na unadai kwa riba. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba nimeshindwa hata na karatasi.

Kando ya kula kulikuwa na jambo la pili, ambalo sikujua kwamba ni pacha wake.

Mtu akichelewa kupokea simu yangu, kwangu mimi alikuwa ameshaniacha. Si kwamba nilihisi huenda. Nilijua, kama mtu ajuavyo mvua inanyesha. Shoga yangu wa tangu madrasa nimempenda asubuhi kama nafsi yangu, jioni namwona adui wa kunimaliza, na nyakati zote mbili ninaamini kwa moyo wangu wote. Kazi nimeacha mara mbili kwa kuinuka tu saa sita mchana na kutoka, ofisi za kutoa mizigo bandarini, kazi ambazo watu wanazililia. Simu nimeirusha kutoka roshani. Nilipewa talaka, tukarejeana, nikapewa ya pili. Na baina ya moto mmoja na mwingine palikuwa na uwazi ambao sijui niueleze vipi. Nyumba iliyohamwa, ukisema neno lakurudia mwenyewe. Sikuwa najua napenda nini, naamini nini, mimi ni nani ninapokuwa peke yangu chumbani. Khala alikuwa akinitazama akitikisa kichwa. "Tabia ni kama ngozi, mwanangu. Haivuliki."

Nilikwenda pia kwa mshauri nasaha kwa ajili ya hasira. Mtu mwema, nilimaliza vikao vinane kwake. Katika vikao vyote vinane sikutaja chakula hata mara moja, wala yeye hakuuliza, kwa kuwa kwetu sote wawili chakula kilikuwa mambo ya tumbo na hasira mambo ya moyo. Wakati huohuo niliamua kuacha kula usiku kwa nguvu. Nilimpa dada yangu ufunguo wa jikoni alale nao. Wiki mbili sikula usiku, na wiki hizo mbili nikaanza kujidhuru kwa njia nyingine ambayo sitaieleza hapa. Nikamwomba ufunguo wangu.

Katikati ya 2021 ndipo nilipofika kwa daktari wa maradhi ya akili, mwanamke wa makamo, Kiswahili chake cha bara. Nilijipeleka mwenyewe, nimejitanda buibui na nikabu ambayo siku nyingine sivai, ili nisijulikane mlangoni. Alinisikiliza habari za hasira, akaandika. Kisha akauliza, "Dada, unakula vipi?" Nikamjibu kama nilivyozoea kujibu, kwamba nakula sana, najitahidi kupunguza. Akasema, "Sikuulizi kiasi. Nakuuliza ukishamaliza, huwa unafanya nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za baada. Nilimwambia naosha kucha. Kwamba ukoko huingia chini ya kucha, na huziosha kwa mswaki gizani ili zisininuke pilau asubuhi. Nilipolisema hilo nikashindwa kuendelea.

Aliuliza kama hujitapisha, kama hunywa dawa za kuendesha, kama hufanya mazoezi ya kujiadhibu. Nikasema hapana. Akaniambia basi kula kwangu kuna jina lake na kuna miaka yake. Daktari wa Marekani, Albert Stunkard, aliueleza ulaji huo kitaalamu mwaka 1959, lakini ilichukua hadi 2013 ndipo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ambao unatumika sana duniani, ukaupa nafasi ya ugonjwa unaojitegemea. Kula kwa muda mfupi chakula kingi kuliko ambavyo watu wengi wangekula, huku ukihisi huwezi kujizuia. Kula upesi, mpaka kuumia, bila njaa, mafichoni, na kujichukia baadaye. Angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Alikuwa anasoma polepole, nami namhesabia kwa vidole chini ya buibui. Sikubakisha kidole.

Mimi nitaliita kufakamia, kwa sababu ndilo neno letu linalobeba ile kasi.

Kisha akafungua ukurasa mwingine. Huko kulikuwa na ishara tisa, na mtu akiwa nazo tano au zaidi, kwa muda mrefu, tangu ujana wake na katika pande nyingi za maisha yake, huambiwa ana tatizo la haiba, yaani la namna mtu anavyohisi, anavyojiona na anavyohusiana na watu, la aina wanayoiita bodalaini. Kuogopa kuachwa. Kupenda na kuchukia kwa zamu. Kutojijua. Hisia zinazopanda na kushuka ndani ya saa chache. Uwazi. Hasira. Ishara ya nne ni kufanya mambo kwa msukumo wa ghafla, mambo yanayomdhuru mwenyewe, angalau kwa njia mbili, na mwongozo unatoa mifano: kutumia pesa ovyo, ngono, ulevi, kuendesha gari kwa fujo, na kufakamia chakula.

Nilimwomba arudie mstari ule. Chakula changu kilikuwa kimeandikwa ndani ya orodha ya hasira zangu. Miaka yote nilikuwa nabeba kapu mbili, hili la aibu ya tumbo na lile la aibu ya ulimi, nikizipeleka kwa watu mbalimbali, kumbe kapu lilikuwa moja. Nilimsimulia habari ya ufunguo wa jikoni na zile wiki mbili. Hakushangaa. "Ukiziba huku, maji yatatokea kule," alisema, "kwa sababu mfereji wenyewe bado uko wazi."

Alinionya vilevile, na onyo hilo nalipitisha kama nilivyolipokea. Kufakamia peke yake hakumfanyi mtu kuwa na tatizo la haiba. Wengi wenye maradhi hayo ya kula hawana. Na wapo wenye tatizo la haiba ambao chakula hakiwasumbui kabisa. Baadaye nilijiunga na kikundi cha watu watano tuliokuwa tukikutana kila Jumatano sebuleni kwa mshauri wa kikundi, mtaa wa Tudor, na huko nikaona kwamba hata panapokutana viwili hivi, havikutani kwa sura moja. Mmoja wetu alikuwa mwanamume, mhasibu, nadhifu mno, asiyevumilia kalamu ikilala upande. Yeye alikuwa na haiba ya kutaka kila kitu kiwe sawa bila kasoro. Mchana alihesabu kila punje aliyokula, na kosa moja likitokea, hata biskuti moja, siku nzima huiona imeharibika, na usiku akafakamia mpaka anapumua kwa taabu. Mwingine alikuwa binti mpole ambaye alikwepa watu kwa kuamini kwamba wakimjua watamdharau. Chakula ndicho kilichokuwa mwenziwe. Hakuwa na hasira hata chembe. Mshauri alituambia kwamba haiba za namna mbili hizo, ya kujitenga na ya ukamilifu, ni katika zinazopatikana mara nyingi kwa wanaofakamia, sawa na hii yangu. Kwa hiyo tafadhali, mtu asiyasome haya kisha akamgeukia mkewe anayependa kaimati akambandika jina. Kazi ya kupima ni ya aliyesomea kupima, nayo haiishi kwa kikao kimoja.

Kuna jambo la lugha ambalo limenisumbua na bado linanisumbua. Daktari alisema haiba. Nilipofika nyumbani nikajaribu kumweleza dada yangu, neno lililonitoka ni tabia, kwa kuwa ndilo tulilonalo kinywani, na alichokisikia ni kwamba daktari amethibitisha nina tabia mbaya. "Si hilo tulilokwambia siku zote?" Kwetu tabia ni kitu cha kufunzwa, na aliyekosa tabia amekosa malezi au amekataa malezi. Ukisema mtu ana maradhi ya tabia, umemtukana yeye na umemtukana mamake. Ndiyo maana wengi wetu tukijipeleka hospitali tunapeleka tumbo. Tumbo halina matusi. Tunasema sukari, tunasema presha, tunasema vidonda vya tumbo, na daktari mwenye foleni ya watu arubaini anatibu alichoambiwa. Siwalaumu watu wangu kwa kukosa neno. Lakini nimeona kwa macho yangu kwamba kukosa neno kunaweza kumla mtu miaka kumi na moja.

Mwanamke aliyeibuni tiba niliyoipata kwenye kikundi kile anaitwa Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Seattle, Marekani. Mwaka 2011 alijitokeza hadharani akasema kwamba yeye mwenyewe alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili akiwa binti, na kwamba alijua moto ule kwa kuungua nao. Mshauri alitusimulia namna Linehan anavyotueleza watu wa namna yangu: kwamba ni kama mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili, hana ngozi ya kukinga hisia, na mguso mdogo tu humtia uchungu mkubwa. Nilikaa na maneno hayo njia nzima kutoka Tudor. Khala alisema tabia ni ngozi haivuliki. Mimi shida yangu ilikuwa ngozi yenyewe sina. Jibu la baridi kwenye simu, ambalo mwingine linampita kama upepo, mimi linanifika kwenye nyama. Na chakula, kwa zile dakika ishirini, kilikuwa kitambaa cha kujifunika.

Kazi tuliyoifanya zaidi sebuleni pale ni ya mnyororo. Unachukua usiku mmoja uliofakamia, unaandika kinyumenyume, pete moja baada ya nyingine, mpaka uifikie ya kwanza. Nina karatasi yangu moja hadi leo, ya Alhamisi. Chini kabisa niliandika: saa tatu usiku, viazi karai vya shilingi mia mbili, mkate mzima, kaimati. Juu yake: nimenunua karibu na Marikiti, nimemwambia muuzaji nina wageni. Juu yake: natembea kutoka ofisini, sioni njia. Juu yake: mwenzangu ofisini ameniaga, sikumwitikia. Juu yake: nimeandika barua ya kuacha kazi, nimeifuta. Juu yake: koo limekaza, mikono baridi. Juu yake: najiambia hakuna mtu anayeweza kunipenda akinijua. Juu yake: nafungua simu mara ya kumi na tano. Na juu kabisa, saa nane mchana: nimemwandikia shoga yangu, amesoma, hakujibu.

Kwenye karatasi ile chakula kilikuwa pete ya mwisho. Kila tiba niliyopewa kabla ya hapo ilikuwa ikiikamata hiyo hiyo ya mwisho na kuivuta. Mshauri alichukua kalamu nyekundu akazungushia "koo limekaza". "Hapa," alisema. "Hapa bado una mikono yako."

Basi tukajifunza la kufanya koo linapokaza. Yapo mengi, nitataja lililonisaidia mimi kuliko mengine, ingawa nilipoambiwa nililidharau. Beseni la maji yenye barafu. Unaziba pumzi, unaingiza uso mpaka mashavu na chini ya macho yamezama, unahesabu hadi thelathini. Mwili hudhani umepiga mbizi, na moyo hupunguza mbio. Mwenye maradhi ya moyo, au aliyejinyima chakula mpaka akadhoofika, amuulize daktari kwanza. Mara ya kwanza nilipojaribu niliinua uso nikakuta hasira ipo palepale, ila imepungua kimo, kama wimbi lililorudi nyuma hatua mbili, na hatua mbili zilitosha kunipa nafasi ya kumpigia mtu simu badala ya kwenda jikoni.

La pili lilikuwa kula. Naam, kula. Nilikatazwa kujinyima. Chakula kila baada ya saa tatu au nne, nikiwa na njaa au sina, nimeketi, kwenye sahani, mlango wazi. Asubuhi mahamri mawili na mbaazi. Mwezi mzima nilikuwa nikiyala kwa hofu, nikiamini kwamba nikianza na mahamri asubuhi nitamaliza na duka zima jioni. Haikuwa hivyo. Tumbo likizoea kwamba litapewa, huacha kupiga kelele.

Mamangu aliuliza kama hakuna tembe. Ipo dawa moja ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2015 kwa ajili ya kufakamia, lakini daktari wangu hakuiona inanifaa, na kwa upande wa haiba aliniambia waziwazi kwamba hakuna tembe iliyotengenezwa kwa hilo. Kazi ni ya kuzungumza na kujizoeza.

Nisiseme kwamba nilipona kwa mstari ulionyooka. Mwisho wa 2021 mtalaka wangu alioa. Nilisikia taarabu kutoka barabara ya pili, na usiku huo nilifakamia kuliko siku yoyote ninayoikumbuka, na kesho yake tena, na wiki nzima. Niliporudi sebuleni Tudor nilikuwa nimeandaa maneno ya kuaga. Mshauri hakunibembeleza. Alitusomea matokeo ya jaribio lililochapishwa mwaka 2001, walipojaribu tiba hii kwa wanawake wenye kufakamia, 44 kwa jumla. Walioipata, mwisho wa vikao asilimia 89 walikuwa wameacha. Baada ya miezi sita waliokuwa bado wameacha walikuwa asilimia 56. Binti yule mpole akasema, "Kwa hiyo kuna waliorudi." Mshauri akasema ndiyo, wapo. Kwa namna fulani tarakimu ile ndogo ndiyo iliyonishika mkono kuliko ile kubwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa watu waliohesabiwa.

Tarakimu nyingine nilimpelekea khala, ameketi kibarazani anakuna nazi. Nilimwambia kwamba karibu na Boston, kwenye hospitali iitwayo McLean, mtafiti aitwaye Mary Zanarini aliwafuatilia kwa miaka mingi wagonjwa 290 wa namna yangu, watu waliokuwa na hali mbaya hadi wakalazwa, na ndani ya miaka kumi wengi wao kabisa walikuwa hawana tena zile ishara tano. Khala hakuinua macho kwenye mbuzi. Alikuna mpaka kifuu kikabaki cheupe. Kisha akasema, "Sasa hao ngozi zao ziliota zenyewe, au walipakwa dawa?" Nikamwambia mara nyingi zote mbili. Akaitikia, akachukua nazi nyingine.

Ramadhani ya 2022 iliingia Aprili, na jua la Mombasa mnalijua. Daktari aliniambia mwaka ule nisifunge. Nilikuwa na miezi michache tu ya kula kwa mpango, na kwa mtu wa maradhi yangu kushinda na njaa kutwa kisha kufungua mbele ya sinia za futari, sambusa, tambi, mkate wa kumimina, na ruhusa ya kula mpaka daku, ni kumrudisha palepale alipotoka. Hakuna dawa iliyowahi kuwa chungu kwangu kama hiyo. Nimefunga tangu nina miaka tisa. Nilimwendea ustadhi wa mtaani, nikamweleza nusu yake tu, kwamba nina maradhi na daktari amenikataza. Hakunidadisi. Akanikumbusha kwamba Qurani yenyewe imemtaja mgonjwa na kumpa siku nyingine za kulipa. "Maradhi ni maradhi," alisema. "Utalipa ukipoa."

Ruhusa nilikuwa nayo, ya daktari na ya dini. Siku ya kwanza, saa sita mchana, niliingia jikoni nikafunga mlango, nikafunga na dirisha, nikala nimesimama, natafuna bila sauti. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilishika kifuniko cha sufuria, na kabla sijakiinua nikaona mkononi nina leso. Sikumbuki kuichukua.

Mlango ukafunguliwa. Mamangu, mtandio begani, midomo imemkauka kwa saumu. Nilidhani atatoka. Akaingia, akatandika mkeka chini, akachukua sahani akapakua wali na maharagwe ya nazi, akaiweka mkekani. "Keti."

Nikasema, "Mama, we umefunga."

"Nimefunga mimi. We wala. Keti."

Niliketi. Akaketi mbele yangu, miguu ameikunja upande, akafungua dirisha kwa mkono bila kuinuka. Nikala tonge mbili tatu nikiangalia chini. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumza bei ya samaki, akasema, "Kifuniko kile nakisikia tangu babako yuhai."

Sikuweza kumeza.

"Paka gani," akasema, "afunguaye sufuria akala, kisha akarudisha kifuniko?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alikaa kimya kitambo. Akasema alikuwa akilala macho, akisikiliza mpaka nimalize, akiogopa kwamba akija nitaona haya niache kula mbele ya watu hata mchana. Hakujua afanye nini, basi akawa ananipikia pilau ya ziada, isinipungukie.

Tulikaa hivyo mwezi mzima, kila adhuhuri, yeye na saumu yake na mimi na sahani yangu. Hakuzungumza habari hiyo tena. Siku ile ya tatu, nilipokaribia kumaliza, aliniuliza, "Umeshiba?" Ni swali ambalo watu huulizana kila siku nami siku zote nililijibu bila kujitazama. Safari hii niliweka mkono tumboni nikasubiri, nikatafuta, kama mtu apapasaye ukuta gizani akitafuta swichi. Ilichukua muda. Alinisubiri.

"Nimeshiba," nikamwambia.

Akavuta sahani, akafunika kilichobaki kwa kawa, akaenda kuswali.